Tela la kubebea mkweche Mwanza: ekseli moja, ekseli mbili, doli, au ukodi tu?

Gari la kufufua halibebwi kama gari zima. Land Rover iliyolala chini ya mwembe Misungwi miaka kumi ina tairi zilizooza, breki zilizoshika, stelingi isiyogeuka, na pengine injini yake ilishahamia kwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo ukitaka kujua ununue tela gani, usianze na tela. Anza na gari baya kuliko yote utakayowahi kulifuata, gari lako litakalovuta, na tairi unayoweza kuipata Igoma Jumapili jioni.

Uzito kwanza. Volkswagen Beetle ina kilo 800 na ushee. Suzuki Samurai hucheza karibu na tani moja. Land Rover Series III fupi ya inchi 88 ni kama kilo 1,350, ndefu ya inchi 109 ni kati ya 1,600 na 1,700, Defender 110 ni 1,900 hadi 2,050 kutegemea bodi, na Land Cruiser 80 huanza 2,200. Juu yake ongeza vipuri ambavyo mwenye gari atakulazimisha uondoke navyo: milango, difu ya akiba, magunia mawili ya nati. Hapo kilo 150 hupita bila mtu kuona. Kisha ongeza tela lenyewe.

Upande wa gari la kuvuta, kitabu chake kina namba mbili: uzito wa tela lenye breki na uzito wa tela lisilo na breki. Ile ya pili ndiyo watu huiruka. Kwa magari mengi madogo na ya kati ni kilo 750 tu, yaani tela tupu la ekseli mbili linaweza kuimaliza peke yake. Land Cruiser 79 huandikiwa kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Hilux za kuanzia 2015 zenye injini ya lita 2.8 ziko kati ya 3,200 na 3,500 kutegemea giaboksi. Noah na Wish hazina kazi hapa, hata fundi akikuchomelea ndoano nzuri namna gani.

Kukodi

Ukibeba mikweche chini ya mara nne kwa mwaka, kodi. Ushauri huu hauwafurahishi wanaopenda kumiliki vitu, lakini tela lililokaa nje linaliwa na mvua, tairi zinazeeka kwa jua bila kutembea kilomita, na bima na ukaguzi haviulizi umesafiri mara ngapi.

Brekidauni yenye kitanda kinacholala ndiyo bora kwa gari lisilozunguka hata gurudumu moja, kwa sababu ina winchi na mteremko mdogo. Shida yake ni bei ya kwenda vijijini, maana utalipia na kurudi.

Canter ni nafuu zaidi, ila pima kitanda kabla hujalipa. Canter za Kijapani huja kwa vipimo vitatu vya kawaida: fupi nyembamba, urefu mita 3.1 na upana wa ndani mita 1.6; ndefu nyembamba ya mita 4.3 kwa 1.78; na pana ya mita 4.3 kwa 2.08. Beetle ina upana wa mita 1.54 na urefu wa mita 4.07, kwa hiyo kwenye fupi inaingia kwa kubana ubavuni na mkia unatoka karibu mita nzima. Defender ina upana wa mita 1.79. Itagoma kwenye nyembamba zote mbili, hata kama dereva ataapa kwamba juzi alibeba moja. Hapo ni Canter pana au Fuso.

Kitanda cha Canter kiko karibu mita moja juu ya ardhi, kwa hiyo gari hupandishwa kwenye tuta la udongo lililochimbwa au ukingo wa barabara. Ukishapata tuta la kupandishia, uliza la kushushia liko wapi. Wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika Buhongwa saa mbili usiku, gari limekaa juu na hakuna pa kulitelemshia.

Doli

Doli ni kitela kifupi kinachobeba magurudumu ya mbele tu, ya nyuma yakitembea chini. Ni nyepesi, kilo 200 hadi 300, na inakaa kwenye kona ya ua. Kwa Starlet au Corolla ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, yenye tairi nzima za nyuma, inatosha kabisa.

Kwa mkweche halisi ni mtego. Beringi za nyuma ambazo hazijaona grisi tangu gari liegeshwe ndizo unazozitembeza kilomita 100. Gari la kuvutwa na magurudumu ya nyuma lazima lifunguliwe propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu), la sivyo giaboksi inazungushwa bila kupandisha oili panapotakiwa, na giaboksi ya otomatiki hufa haraka zaidi. Defender inavuta magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo unafungua propela zote mbili. Na doli hairudi nyuma: ina maungio mawili yanayocheza, ukirudisha mita mbili imekunja. Ukiingia njia ya kijijini isiyo na pa kugeuzia, utafungua gari, ugeuze kila kitu kwa mikono, ufunge upya.

Ekseli moja au mbili

| | Ekseli moja | Ekseli mbili |
|---|---|---|
| Uzito wa tela tupu | kilo 350–450 | kilo 600–950 |
| Magari yanayofaa | Beetle, Samurai, Corolla ya zamani | Land Rover zote, Land Cruiser, Hilux |
| Tairi ikipasuka | tela linalala upande huo papo hapo | unapata muda wa kutoka barabarani |
| Kurudi nyuma | linakunja haraka | linakwenda taratibu, linasahihishika |
| Kusogeza uani kwa mikono | watu wawili | watu sita na ugomvi |
| Kona kali | halina shida | tairi zinasuguliwa na kuburuzwa |

Ekseli moja inavutia kwa bei na kwa wepesi, na kwa mtu wa Beetle tu ni chaguo halali. Wengi, hata hivyo, huanza na Beetle kisha wakaona Series III ya mzee fulani Magu. Tela lile lile la tani moja na nusu linabebeshwa Land Rover "kwa mara hii moja". Ekseli inapinda katikati, tairi zinakaa pembe kama miguu ya mtu aliyechoka, na kuanzia siku hiyo zinaliwa upande mmoja.

Ekseli mbili nayo ina kosa lake la kuzaliwa, hasa la kuchomelewa hapa. Springi za mbele na za nyuma zinatakiwa kuungana katikati kwa kipande cha chuma kinachocheza juu na chini, ili ekseli ya mbele ikipanda tuta, ya nyuma ishuke na uzito ugawane. Mafundi wengi huruka kipande hicho na kufunga kila springi peke yake kwenye chasisi. Tambarare hutaona tofauti. Kwenye tuta la barabarani ekseli moja inabaki hewani, na nyingine inabeba kila kitu. Ukiwa na Defender juu ya tela la kilo 750, hizo ni kilo 2,750 kwenye tairi mbili kwa sekunde kadhaa, na kati ya Buzuruga na Nyanguge hiyo ni tuta baada ya tuta. Ekseli ikivunjika kwenye tela "jipya", tazama hapo kwanza.

Tairi zenyewe zinahitaji hesabu. Tairi ya kawaida ya Corolla ya 185/65 R15 yenye namba ya uzito 88 inabeba kilo 560. Nne ni 2,240. Land Rover na tela vimeshazidi kabla ya vipuri. Tairi ya Hiace ya 195 R15C yenye namba 106/104 inabeba kilo 950. Nne ni 3,800, na una akiba. Ya 185 R14C yenye 102/100 inabeba 850. Nne ni 3,400. Herufi C pale mwisho ndiyo unayoitafuta. Jaza upepo kama ilivyoandikwa ubavuni, kwa kawaida karibu psi 65 kwa mzigo kamili. Tairi hizo zikiwekwa psi 35 za gari dogo hupata joto, ubavu unakatika, na mwenye tela analaumu jua la Shinyanga.

La kuagiza au la kuchomelewa Nyakato

Tela lililotumika Uingereza, la Ifor Williams au Brian James kwa mfano, huja likiwa jepesi, limepakwa zinki ya kuchovya, lina breki kwenye magurudumu yote na maungio yenye vipimo. La kilo 3,500 za jumla lenyewe tupu ni kama kilo 600 hadi 750, kwa hiyo linabaki na nafasi ya Land Cruiser 80 na vipuri vyake. Kwa chuma chake na breki zake, hakuna fundi wa mtaani atakayekufikisha hapo.

Udhaifu wake uko chini. Matela mengi hayo yamevaa rimu ndogo za inchi 12 au 13, zenye tairi kama 195/50 R13C au 155/70 R12C. Ni saizi zinazoweka sakafu chini, jambo zuri kwa kupandisha gari, lakini kuzipata Mwanza ni kuagiza na kusubiri. Kwenye mashimo ya njia ya vumbi rimu ndogo inaingia shimo zima wakati ya inchi 15 ingepita juu. Sakafu ya chini nayo inakwaruza matuta. Springi zake mara nyingi ni za mpira ndani ya bomba la ekseli: nzuri, kimya, na zikifa hazitengenezwi, unabadilisha ekseli nzima.

La kuchomelewa lina faida moja kubwa, nayo ni kwamba kila kinachovunjika kinapatikana. Fundi wa eneo la viwanda la Nyakato, karibu na SIDO, akikutengenezea juu ya rimu za matundu sita za Hiace au Hilux, tairi yako ya akiba ni ya kila duka na beringi zako ziko kila mtaa. Ubaya wake ni uzito na breki. Mafundi wengi hufidia hesabu kwa chuma kingi, unaishia na tela la tani moja na nusu tupu, lisilo na breki kabisa.

Pendekezo letu ni la kuchanganya: agiza maungio ya mbele (sehemu inayoshika ndoano ya gari) yenye breki ya msukumo, inayoelezwa chini, ekseli zenye breki na vipande vya katikati vya springi, mwili wote chomelea hapa. Vitu hivyo vitatu ndivyo visivyofaa kubuniwa. Hesabu ya mwili wa kubeba Defender ni hii:

Boriti mbili ndefu za chaneli ya milimita 100 kwa 50, unene 5, zianze kwenye kona ya nyuma hadi kwenye kikombe cha mbele, kile kinachokaa juu ya tufe la ndoano, bila kukatwa, zikikutana mbele kwa pembe kama herufi A. Kiungo cha mkono wa mbele kilichochomelewa mwisho wa sakafu ndicho hupasuka kwanza. Vyuma vya kukatisha ni bomba la pembe nne la milimita 50 kwa 50, unene 3, kila sentimita 50. Sakafu usiijaze. Bamba lenye vinundu la milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 25 kwa mita ya mraba. Sakafu nzima ya mita 5 kwa 2 ni kilo 250. Njia mbili za sentimita 50 kila moja ni nusu yake, na kilo 125 ulizookoa ni milango minne na boneti. Uwazi wa katikati pia unakuwezesha kufikia ekseli ya gari kwa mkanda.

Kati ya mabawa ya magurudumu acha mita 2.05. Urefu wa sakafu mita 4.8 unatosha kwa Defender 110 na Land Cruiser 80. Katikati ya ekseli mbili pakae nyuma kidogo ya katikati ya sakafu: gawanya urefu mia, weka kwenye 57 hadi 60 ukihesabu kutoka mbele. Fundi akiweka katikati kabisa kwa sababu "inapendeza", tela litayumba maisha yake yote. Chomelea vishikio vya kufungia sita, vya chuma cha mviringo cha milimita 16, kwenye boriti na si kwenye bamba.

Difu kuukuu la Hilux kama ekseli ni njia ya mkato inayoonekana sana. Breki za dramu zimo na zinaweza kuendeshwa na masta silinda iliyo kwenye maungio ya mbele. Lakini tumbo la difu linaning'inia katikati, shafti haziwezi kutolewa kwa sababu ndizo zinazobeba gurudumu, na gia zinazunguka bure zikihitaji oili. Kwa tela la kwenda Usagara na kurudi, sawa. Kwa la kwenda Geita kila mwezi, hapana.

Neno kuhusu tufe, yaani mpira wa chuma kwenye ndoano ya gari. La Ulaya na Afrika Kusini ni la milimita 50. La Marekani ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, na kuna jingine la inchi 2 na 5/16. Kikombe cha inchi 2 kikikaa juu ya tufe la 50 kinaonekana kimekaa, kinacheza kidogo, kinajila, na siku moja kinaruka. Soma namba iliyogongwa juu ya kikombe na juu ya tufe, macho hayatoshi.

Breki na waya

Breki ya msukumo haihitaji chochote ndani ya gari: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, mkono unateleza ndani ya maungio na kuvuta nyaya za breki. Breki za umeme ni sahihi zaidi, na ukiyumba unaweza kuzikamata kwa mkono bila kugusa breki za gari, lakini kila gari linalovuta lazima liwe na kidhibiti chake. Kwa tela linalovutwa leo na Hilux yako na kesho na Land Cruiser ya jamaa, msukumo ndiyo jibu. Maungio ya zamani yana pini ya kuzuia breki wakati wa kurudi nyuma. Ukiisahau ndani, unasafiri bila breki.

Waya wa dharura unaovuta hendibreki tela likichomoka ufungwe kwenye chasisi ya gari, usizungushwe juu ya tufe. Tufe likitoka, unatoka nalo. Minyororo ya usalama miwili ipishane chini ya mkono wa tela ili kikombe kikianguka kidakwe.

Plagi ya pini saba ya Uingereza inafuata mpangilio huu: 1 indiketa ya kushoto, njano, 2 taa ya ukungu, buluu, 3 ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye chasisi), nyeupe, 4 indiketa ya kulia, kijani, 5 taa ndogo ya kulia, kahawia, 6 breki, nyekundu, 7 taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Kosa la taa zinazopepesa zote pamoja ukikanyaga breki ni ethi mbovu karibu kila mara, wala si balbu. Canter nyingi zina umeme wa volti 24. Ukivuta tela la volti 12 kwa Canter, balbu zote zinaungua kabla ya Mkolani, na trafiki atakuwa amekaa pale pale.

Kulipandisha

Sakafu ikiwa sentimita 60 juu na mbao za kupandishia za mita 2, mteremko ni kama nyuzi 17. Kwa gari la tani mbili hiyo ni nguvu ya kama kilo 600 hata magurudumu yakizunguka vizuri. Breki zikiwa zimeshika, nguvu inaongezeka mara mbili au zaidi. Mbao za mita 2.4 na sakafu ya sentimita 45 zinashusha hadi nyuzi 11. Ndiyo maana winchi ya mkono ya kilo 500 ya kuvutia mitumbwi haina maana hapa; tafuta ya kuanzia tani moja na nusu.

Cheni bloki ya gereji hutumika sana, na inavuta, lakini imetengenezwa kuning'inia. Ikilazwa, mnyororo unapanda juu ya meno na kukwama. Ile ya mkono wa kupiga mbele na nyuma ndiyo inayofanya kazi ikiwa imelala. Hesabu pia kwamba ina mita 1.5 hadi 3 tu, kwa hiyo utafunga na kufungua mara tatu kwa gari moja, na kila mara gari linahitaji kigingi nyuma ya gurudumu. Mtu asisimame kati ya mbao za kupandishia. Kamwe.

Kwa breki zilizoshika usipambane na winchi. Inua gari, legeza virekebishio vya dramu, kata au fungua waya wa hendibreki, gonga dramu kwa nyundo kuzunguka ukingo. Robo tatu hufunguka. Nenda na magurudumu manne ya akiba yanayoingia kwenye matundu ya gari hilo. Kuvuta gari juu ya rimu tupu kunapasua bamba na mkanda.

Mizani ya tela ndipo mikweche inapotofautiana na magari mazima. Uzito unaokaa juu ya tufe uwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote, bila kuzidi namba iliyo kwenye kibao cha ndoano. Kwa jumla ya kilo 2,700 hizo ni 135 hadi 270. Gari zima lina injini mbele, ukilipandisha uso mbele linakaa vizuri. Gari lililotolewa injini na giaboksi limepungukiwa kilo 300 na zaidi mbele, uzito umehamia nyuma, na ukiliweka pale pale pa kawaida pua ya tela inakuwa nyepesi. Hapo ndipo kuyumba kunapoanza kwenye kilomita 70 kwa saa. Lipandishe kinyumenyume, au lisogeze mbele. Kama kutoka katikati ya ekseli hadi tufe ni mita 4, kila sentimita 10 unayosogeza gari la tani mbili inabadilisha uzito wa pua kwa kilo 50.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua ubao mgumu wa sentimita 120. Ncha moja iweke juu ya kipande cha bomba, nyingine juu ya mizani ya kupimia watu. Shusha pua ya tela kwenye ubao sentimita 40 kutoka kwenye bomba, tela likiwa sawa na ardhi. Toa kile mizani iliyosoma kabla hujashusha, kisha zidisha kwa tatu.

Likianza kuyumba ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika stelingi bila kuifukuza, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo. Kisha simama usogeze gari. Kuendelea polepole tu hakuondoi sababu.

Kufunga: mikanda minne ya upana wa milimita 50, kila pembe moja, ikishika ekseli au magurudumu. Ukifunga bodi, springi za gari zinabonyea kwenye tuta, mkanda unalegea na ndoano inachomoka. Ya nyuma ipishane. Minyororo ya dukani isiyo na alama ni laini; ya milimita 8 daraja la 80 inabeba tani 2 na imegongwa namba. Simama baada ya kilomita 10 ukaze tena, maana mkanda hunyooka. Acha gia huru. Hendibreki ya mkweche usiitegemee.

Njia za huku

Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, limebadilisha hesabu ya upande wa Sengerema na Geita tangu Juni 2025: hakuna tena kupanga foleni ya kivuko na tela. Kwa anayekata kupitia Kamanga, au anayekwenda Ukerewe kwa Kisorya–Rugezi, pembe ya mlango wa kivuko bado ni tatizo. Tela refu lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli linagusa chini wakati gari la mbele limeshapanda. Mbao mbili nene za kuweka chini ya tairi za tela kwenye ukingo zinatosha, na nauli ulizia kabla, kwa sababu tela huongeza urefu.

Kuelekea Magu na ndani ya Misungwi kuna udongo wa mbuga, ule mweusi. Wakati wa mvua, mkweche ulio mita 200 kutoka barabarani haufuatwi na tela. Tela libaki kwenye changarawe, gari livutwe kwa winchi au kwa trekta hadi hapo. Ekseli moja inazama haraka zaidi, ila ya mbili ikizama ni kazi ya mchana mzima.

Na mizani ya barabarani ipo Usagara. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inagusa magari ya kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo tela kubwa ukiambiwa uingie, ingia.

Kulitunza

Beringi zifunguliwe mara moja kwa mwaka, zioshwe, zijazwe grisi ya lithiamu, oili sili mpya. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, rudisha kati ya moja ya sita na robo ya mzunguko, weka kotapini mpya. Safarini, kila ukisimama, gusa habu kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, breki inashika au beringi inakufa, na moja ikiwa ya moto kuliko nyingine tatu umeshajua pa kufungua.

Breki za msukumo hurekebishwa kwa utaratibu: inua, legeza hendibreki, vuta mkono wa mbele hadi mwisho, kaza kirekebishio cha dramu ukizungusha gurudumu kuelekea mbele tu mpaka lisimame, kisha legeza hadi lizunguke huru. Magurudumu yote yakiisha, ndipo unaondoa ulegevu kwenye nyaya. Anayeanza na nyaya anapata breki nzuri wiki mbili, halafu shuu zinashika zenyewe.

Maji ya ziwa hayana chumvi, na hilo huwadanganya watu watumie tela la gari kushushia boti Kirumba au Luchelele. Habu ikiwa ya moto ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili. Grisi inageuka rangi ya maziwa na beringi zinaota kutu zikiwa zimekaa. Ukilazimika, subiri nusu saa habu zipoe, na baada ya hapo fungua ujaze upya.

Ukinunua lililotumika, lala chini yake na tochi. Angalia nyufa kwenye kona ambapo mkono wa mbele unaingia chini ya sakafu, rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, na tairi zilizoliwa upande wa ndani. Sukuma mkono wa maungio: ukiingia bila ugumu na kubaki ndani, dampa yake ya gesi (ya kuzuia mshtuko) imekwisha na breki zitapiga kwa mshtuko. Shika kila gurudumu juu na chini, litikise. Kisha uliza kadi. Tela linasajiliwa TRA kwa namba yake lenyewe, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma isomeke sawa na ya kadi. Kwa la kuchomelewa, ulizia usajili na ukaguzi kabla fundi hajawasha mashine, ujue wanataka vipimo na stakabadhi zipi za chuma na ekseli. Kuzikusanya baada ya tela kupakwa rangi ni shughuli ya wiki nyingi.